Uliye Chini, Maji Hayo!

Mwalimu wetu wa jiografia alichora mto ubaoni kwa chaki ya buluu, akautilia samaki wawili na mtumbwi. Nikanyoosha mkono nikamwuliza kama anayo chaki ya rangi ya ugali wa mtama, nije niuchore na wa kwetu. Darasa likacheka, mimi nikatolewa nje kusimama juani mpaka kengele.

Lakini sikuwa nimesema uongo. Mto wetu, ule unaopita chini ya kilima chetu upande wa huku wa Samuye, sehemu kubwa ya mwaka ni barabara ya mchanga. Lori la pamba linaweza kupita katikati yake bila kulowesha tairi. Maji yapo, ila yamejificha tumboni kwake, na ukiyataka sharti uyachimbe. Halafu mvua ikinyesha huko mbali yanapoanzia, hata kama kwetu mbingu ni nyeupe kama sahani ya enameli, mto unaamka siku hiyo hiyo na kuja wote kwa pamoja. Haubishi hodi.

Kiangazi kilichopita nilikuwa nyumbani wakati wenzangu wako bwenini. Mwiba ulikuwa umeniingia unyayoni, mguu ukavimba ukawa kama kiazi, na mwalimu mkuu akasema nirudi kwetu mpaka nitakapoweza kusimama mstarini bila kuegemea wenzangu. Basi kutwa nzima nilikaa kwenye jabali bapa lililo nyuma ya nyumba, mguu umefungwa majani ya dawa, bibi yangu kando yangu akichambua michembe, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa. Macho ya bibi yalikuwa yameingia ukungu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikimtazamia mto.

"Haya, mke mwenzangu," angesema, maana kwetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, mume wao mmoja ni babu. "Nani yuko mtoni?"

"Wanawake wa ng'ambo, wanachota kwenye vile vishimo vidogo. Mmoja ametua mtungi, anasema. Wengine wameacha kuchota, wanasikiliza."

"Basi anamsema mtu. Endelea."

Nilimsimulia kila kitu, na nisichokiona nilikitunga. Lakini siku ninayotaka kuieleza sikutunga kitu.

Mbele yetu kabisa, karibu na ukingo wa huku, kilikuwa kisima chetu. Kila kaya ina kisima chake humo mchangani, kimezungushiwa miiba ili ng'ombe wa watu wasijinyweshe. Mwanzo wa kiangazi kisima kinakufika kiunoni. Mwisho wake, mvua inapokaribia, kinakuwa kirefu kuliko nyumba. Kuta zake zinashikiliwa na fito zilizosukwa kama tenga, na ndani linasimamishwa gogo lililochongwa mapengo ya kukanyagia. Kazi ni ya watu watatu. Wa chini anajaza debe, wa katikati anasimama kwenye gogo analipokea na kulipandisha, wa juu analimwaga kwenye birika la udongo ambako ng'ombe wanangoja. Wanaimba ili madebe yasigongane. Wa chini anavua nguo zote, kwa sababu ya matope, na kwa hiyo msichana haruhusiwi kukaribia kisima cha wanaume wakati wanateka. Kwa mbali, kutoka jabalini, sheria haikusema kitu.

Tena kuna utani wao. Ukiwa juu, wakati wowote ukijisikia, unainama unapaza sauti: "Uliye chini, maji hayo!" Na wa chini, asipotaka kuitwa mwoga kaya nzima, anajibu: "Yakaribie, tuoge!" Watu wanacheka kama hawajawahi kuusikia. Baba aliusema, na babu, nadhani na baba yake babu. Kwa siku moja ungeusikia kwenye kila kisima mara usizoweza kuzihesabu.

Siku hiyo aliyekuwa chini kwetu ni kaka yangu. Alikuwa amekuja likizo kutoka kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita, na alikuja na vitu viwili: kofia ngumu ya wachimbaji na suruali ndefu ya kaki iliyopigwa pasi mpaka mkunjo wake ukakata. Suruali ilikuwa ya kuendea kwa wakwe kuposa. Kofia ilikuwa ya kutusumbua sisi.

"Mimi nimeingia ndani ya ardhi ambako hata Mungu anahitaji taa," alisema asubuhi, akiweka ile kofia kichwani. "Halafu nyie mnaniambia nisimame juu nimwage maji? Hicho ni kisima? Hilo ni tundu la panya."

"Na wewe ndiye panya mwenye kofia," nikamwambia.

"Mguu wako ukipona nitauvunja tena."

Akashuka mtoni na baba na binamu yetu. Suruali aliivaa mpaka pale, ili watu wa visima vingine waione, kisha akaivua akaikunja vizuri juu ya uzio wa miiba, akatumbukia na kofia yake. Kutoka jabalini nilisikia wimbo ukianza, sauti ya baba juu, na ya kaka ikitoka ardhini kama mtu anayeimba ndani ya mtungi.

Jua lilikuwa limeshapita utosini nilipousikia mwano.

Mwano ni ukelele wa kuomba msaada. Ukipigwa, kila mwanamume mwenye miguu anaukimbilia, na chochote alichonacho mkononi. Hachagui. Asiyekwenda anatozwa ng'ombe, na siku atakayoupiga yeye, watu wataendelea kula. Na hauna maneno. Haukuambii ni moto au fisi au mwizi. Unakuambia kitu kimoja tu: njoo huku.

Ulitoka upande wa chini wa mto, kwenye kisima cha jirani mmoja mwenye fahali mwekundu. Nikasimama kwa mguu mmoja nione.

"Fahali ametumbukia kisimani," nikamwambia bibi. "Naona miguu ya nyuma tu. Yule bwana anazunguka tundu ameshika kichwa."

"Nilimwambia uzio wake mbovu. Wanakwenda?"

"Wanakwenda wote."

Na kweli wote. Kwenye kila kisima watu waliacha madebe, wa chini wakapanda wakijifunga shuka. Nikamwona baba akiinama juu ya kisima chetu, akipiga kelele: "Pumzika, suruali ya posa si ya kukimbilia mwano, tunakuja!" Binamu akachomoka kwenye gogo, wakakimbia pamoja na kamba ya ng'ombe begani. Wimbo wetu ukakatika. Mbele yangu pakabaki kisima peke yake, ng'ombe wetu wamelizunguka birika tupu, na suruali juu ya miiba.

"Na kaka yako?"

"Yuko chini. Anapumzika."

Mpaka hapo nilikuwa bado nacheka. Wanaume chungu nzima walikuwa wamelizunguka tundu la jirani, kila mmoja akimfundisha mwenzake jinsi ya kumvuta fahali.

Bibi ndiye aliyeacha kuchambua kwanza. Akainua pua.

"Mke mwenzangu, mguu wako unanuka leo kuliko jana."

"Asante, bibi."

"Ngoja. Siyo mguu." Akageuza uso upande wa juu. "Ni udongo uliolowa. Tazama kule."

Upande wa juu mto unakata kona kwenye migunga mikubwa. Ukiwa mtoni huwezi kuona zaidi ya ile kona. Ukiwa jabalini kwetu unaona kipande kingine kirefu nyuma yake. Yangeyange waliokuwa wametua huko mchangani waliruka wote, kama mtu aliyekung'uta shuka jeupe. Hawakurudi kutua. Chini yao mchanga ulikuwa unabadilika rangi, kutoka mweupe kuwa wa kahawia, na mpaka wa ile rangi ulikuwa unatembea. Ulibeba matawi. Ulikuwa bado mbali, hausikiki, na ulikuwa unatembea tu, kama ng'ombe wanaorudi zizini wanaojua njia.

"Bibi, mto unakuja. Piga mwano."

"Usinitanie na mwano. Baba yako atatozwa."

"Bibi!"

Akanyoosha mkono akanishika kifundo cha mkono wangu, akatulia kama anayepima homa.

"Mdomo wako mwongo," akasema, "lakini mkono unatetemeka." Akaanza kujiinua, magoti yakimlia.

Hapo ndipo akili yangu ilipopiga hesabu ambayo sijawahi kufundishwa darasani. Mwano hausemi kimbieni. Hatuna ukelele wa kusema kimbieni. Watu wale tukiwapigia mayowe ya maji, watasema ni utani ule ule. Lakini bibi akipiga mwano hapa kilimani, watauacha mto watufuate huku, bila hata kujua kwa nini, na watapona. Vizuri. Ila watakuja huku moja kwa moja, na baba na binamu watakuja nao, kwa sababu sheria haichagui. Tutakuwa tumewatoa mtoni watu wote wanaoweza kumkumbuka kaka. Na yeye kule chini hasikii mwano wala hodi. Anaona duara la mbingu nyeupe, basi.

"Piga, usiache," nikamwambia bibi. "Mimi nakwenda kwa kaka."

"Kwa mguu gani?"

Nilikuwa nimeshashuka.

Nilianza kwa kurukaruka, nikaona nachelewa, nikaukanyaga ule mguu mbovu mzima mzima. Kitu kilipasuka ndani ya majani ya dawa, kikaanza kuchuruzika, na sikuwa na nafasi ya kukihurumia. Nyuma yangu sauti ya bibi ilipanda. Sikuwahi kujua kwamba yule kikongwe ana sauti ile. Upande wa chini niliwaona wanaume wakiinua vichwa, wakitazamana, mwano juu ya mwano, wakigombana kwa mikono. Kisha mmoja akaiachia kamba na kukimbia kupanda ukingo, na wengine wakamfuata. Jirani akabaki anawaita.

Mchanga wa mto ulikuwa wa moto. Ng'ombe wetu walikuwa wameacha kulitazama birika, pua zote ziko juu, na jike mmoja mzee alishaanza kuondoka kwa haraka yake ya kiungwana. Niliuvuka uzio, miiba ikichukua sehemu yake ya gauni langu, nikalala kifudifudi nikatazama chini.

Giza. Halafu kofia. Alikuwa amekaa juu ya debe lililopinduliwa, miguu ndani ya maji, anajikuna shingo.

"Kaka! Maji hayo!"

Nilisema hivyo. Sikuwa na maneno mengine, ndiyo yaliyonitoka.

Kutoka chini sauti yake ikapanda, ya raha, ya mtu aliyepumzika: "Yakaribie, tuoge!" Akacheka. Kisha kicheko kikasimama. "Nani huyo? Wewe? Wewe msichana unafanya nini kwenye kisima cha wanaume? Toka hapo! Niko uchi!"

"Kaka, kweli, mto unakuja, panda!"

"Toka kwanza ndipo nipande!"

"Naapa, haki ya Mungu..."

"Ulivyoapa juzi kwamba fisi ameingia chooni na mimi nimo. Toka, nakwambia. Baba akija nitamwambia."

Nikageuka. Kule kwenye kona, mgunga mmoja mdogo uliinama taratibu, ukalala. Sasa ilisikika. Ilikuwa sauti ya lori lenye mzigo linalokuja kwenye kokoto, ila halikupumzika kubadili gia.

Nikamjua kaka yangu. Kumwogopesha siwezi, ameshaingia ardhini ambako hata Mungu anahitaji taa. Kumsihi siwezi, mimi ni mimi. Na aibu ilikuwa imemkalisha pale chini kama jiwe la kusagia. Kilichobaki ni kumpa hasira iliyo kubwa kuliko aibu.

Nikaivuta suruali kutoka kwenye miiba. Ikachanika, nikasikia "chwaa" yake, na yeye pia akaisikia. Nikaning'iniza mguu wake mmoja kisimani ili auone vizuri juu ya duara lake la mbingu.

"Kaka, unaiona hii?"

Kofia ikainuka.

"Nakwenda nayo kwa wakwe. Nitawaambia bwana harusi ndiye huyu, ndani hamna mtu. Ng'ombe wa mahari watupunguzie nusu."

"Iache."

"Naipangusia usaha wa mguu kwanza."

"IACHE!"

Gogo likalia. Alikuwa anapanda kama nyani aliyeibiwa hindi, akinitukana kwa Kisukuma matusi ambayo mengine nilikuwa sijayasikia, na mimi nalia huku nacheka huku namjibu: "Njoo basi! Njoo uichukue!" Nikimtazama yeye, nikiitazama kona, yeye, kona. Maji yaliikata kona. Hayakuwa ya buluu. Mbele yake yalisukuma povu chafu, magogo, na mbuzi wa mtu, kila kitu kinabingirika.

Kofia ikatokea. Kikatokea kiwiliwili. Akaivua kofia haraka akajisitiri nayo mbele, mkono wa pili akautoa kunikamata, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayekwenda kuua dada. Kisha macho yake yakapita juu ya kichwa changu.

Kofia ilidondoka. Alinikamata kweli, kiunoni, akanitupa begani kama gunia la karanga, akakimbia. Mimi kichwa kikiwa nyuma yake ndiye niliyeona yote. Niliona uzio wetu ukinyanyuliwa mzima kama taji. Niliona birika likiyeyuka. Maji yaliingia kisimani kwa mlio mmoja mfupi, kama mtu anayemeza, na kisima hakikuwepo tena. Nilihisi unyevu kwenye vidole vya mikono yangu, nikapiga kelele, na wakati ule ule kaka akashika mzizi wa ukingo akatuvuta juu.

Tukalala majanini. Alikuwa anahema kwa sauti, mbavu zinapanda na kushuka. Chini yetu ule mto wa mchanga ulikuwa umejaa ukingo hadi ukingo. Upande wa chini, katikati yake, ukaibuka mgongo mwekundu, ukizunguka polepole, kamba bado imefungwa kwenye pembe. Yule jirani alisimama ng'ambo ya kichaka akiutazama ukienda, kama mtu anayemsindikiza mgeni.

Kilimani bibi alikuwa bado anapiga mwano. Watu wote walikuwa wamejaa uwanjani kwetu na marungu na kamba, wanamwuliza kuna nini, naye hanyamazi kuwajibu. Tuliposimama tukawaona wakitutazama: mzee kwa kijana, mwanangwa mwenyewe, mkuu wa kijiji, yumo, na kaka yangu yuko wazi kama alivyozaliwa, akinishikilia mimi nisianguke. Hakuna aliyecheka. Hata mimi nilijaribu, sikuweza.

Baba hakuwa kilimani na wenzake. Alikuwa njiani, anakimbia kando ya ukingo kuelekea pale kilipokuwa kisima, na alikuwa haangalii watu, anaangalia maji tu. Alitupita hatua kadhaa kabla ya kutuona. Akasimama. Akatazama mto, akamtazama kaka, akautazama mto tena, kama aliyeambiwa achague na hajui jibu.

Halafu akafungua shuka lake la begani, akamzungushia kaka kiunoni, akalifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. Suruali ilikuwa mkononi mwangu muda wote huo. Hakuna aliyeiona, na mimi nikaona si wakati wake.

Mwanangwa alipotaka kujua nani ameamuru mwano wa pili wakati wa kwanza haujaisha, bibi alimwonyesha mto kwa kidole. Alionyesha kidogo kando, kwa ajili ya macho yake, lakini mwanangwa alielewa.

Jioni kaka alikuja kukaa jabalini. Bibi alikuwa ameshaniosha mguu na kunitukana vya kutosha. Tulitazama maji ya kahawia yakipita na matawi ya nchi za watu.

"Kwa nini hukuniambia tu?" akauliza. "Ukaniletea mambo ya suruali."

"Nilikuambia."

"Lini?"

"Nilisema, maji hayo."

"Na mimi nilisema nini?"

"Ulisema yakaribie, mwoge."

Alirudi Geita bila kofia, na kwa wakwe alikwenda na suruali yenye kiraka ambacho mama alikishona kwa uzi wa gunia. Walimkubali hivyo hivyo.

Sasa ni kiangazi kingine, niko likizo, visima vimechimbwa upya na mimi niko jabalini na bibi. Jana, kwenye kisima kipya cha yule jirani, nilimsikia kijana mmoja mgeni akiinama na kupaza sauti kuwa uliye chini, maji hayo. Wimbo wa visima vyote ukakatika. Baadaye kichwa cha aliyekuwa chini kikatokea, mzee mzima amepakaa matope, akapanda mpaka kiunoni bila kujali nani anamwona. Akatazama upande wa juu, kwenye kona ya migunga, kwa utulivu. Hakuona kitu. Akarudi chini, na ndipo wimbo ukaendelea.

"Kuna nini?" bibi akaniuliza.

"Hakuna kitu," nikasema. "Wanateka maji."